Taya la Dada Agnesi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa ya baridi kali. Tulikuwa msibani Kilolo, tumemzika baba jana yake. Dada yangu Agnesi, aliyelia siku mbili mfululizo, alipiga mwayo, mdomo ukabaki wazi. Akatutolea macho, mate yakimtiririka, neno halitoki.

"Mzimu wa baba yake umemshika huyo," mama mmoja akanong'ona.

Mimi nilikuwa kijana wa kujifanya najua. Nilikuwa nimewaona wazee wakimfunga baba taya kwa kitambaa ili mdomo ufumbike. Basi nikachukua kitenge, nikamsukuma Agnesi kidevu juu kwa nguvu zote, nikakaza fundo utosini. Akagumia. Shangazi akaja mbio.

"We! Unamfunga kama maiti, na mwenzio anapumua?" Akamfungua.

Hospitalini muuguzi aliuona uvimbe kidevuni mwa Agnesi, na kitenge mkononi mwa shangazi. "Bibi, ni wewe uliyemkaza hivi?"

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Akakaripiwa yeye.

Kisha muuguzi akatuambia tuweke kidole mbele ya sikio na kufungua mdomo. Nawe jaribu. Utasikia kinundu kikijongea. Alisema taya halifunguki kama mlango. Huzunguka kidogo, halafu huteleza mbele juu ya gegedu laini. Likivuka kilima kidogo cha mfupa kilicho pale, misuli hulivuta juu na kulizuia lisirudi. Kusukuma kidevu juu ni kuzidi kulikaza. Akavaa glovu, akaweka vidole gumba kwenye magego ya chini, akakandamiza chini, kisha nyuma. Likarudi.

"Usiongee kwanza," alimwambia.

Agnesi akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Umemwonea shangazi."

Tangu siku hiyo alishika kidevu kila alipocheka. Kama ni kwa sababu yangu, sijui, sikuuliza. Shangazi alifariki sijamwomba radhi. Agnesi naye tumemzika mwezi uliopita.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu taya likimtoka, usilisukume wala usilifunge. Mpeleke hospitali upesi. Na ukiulizwa nani kafanya, sema, "Ni mimi," usimwachie aliyeumia kazi hiyo. Mungu akupe kinywa kisichoona uzito kukiri kosa, na akuweke karibu na watu wako wakiwa bado wanakusikia.