Kidole Changu na Magogwe ya Bibi

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya hamsini, kwa siku tatu niliamini kwamba kidole changu kinaua.

Tuliishi kwa Bibi, mzaa mama, kwenye kilima kusini mwa Iringa, ambako mwezi wa Juni watu huota moto asubuhi na jioni. Baba alikuwa Chunya akichimba dhahabu. Mama alikuwa mjamzito, na mimba ile ilikataa karibu kila chakula isipokuwa magogwe, yale matunda mekundu yenye umbo la yai. Mgogwe wetu ulikuwa nyuma ya jiko. Bibi aliyapasua, akayakamulia kikombeni, akatia sukari kidogo. Mama alikunywa amefumba macho kwa ukali wake, kisha akacheka. Mimi nililamba maganda, uchungu na yote.

Bustani ile ilikuwa na sheria moja. Tunda changa halinyooshewi kidole, liwe boga au gogwe, maana litanyauka na kuanguka. Ukitaka kulionyesha, kunja kidole. Ukisahau, king'ate.

Asubuhi moja Bibi alipokwenda kisimani, nilisimama chini ya mgogwe nikayahesabu magogwe mabichi kwa kidole kilichonyooka, nijue yangu yatakuwa mangapi Mama akishajifungua. Kwa furaha ileile nikamgeukia Mama, nikakielekeza kidole tumboni mwake, nikamwuliza hili nalo la ngapi. Alicheka tu.

Kesho yake umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya majani. Mgogwe ulikuwa mweusi kama uliopitiwa na moto, na magogwe yametapakaa chini. Bibi aliniuliza kama niliyanyooshea kidole. Nikasema hapana. Basi nikabaki peke yangu na jambo langu, nikilitazama tumbo la Mama kila alipoinama.

Siku ya tatu uchungu ukamshika. Mkunga akaingia, mlango ukafungwa. Nilikaa nyuma ya jiko nikaking'ata kidole mpaka kikatoka damu, na hapo ndipo Bibi aliponikuta, amefuata maji ya moto.

"Nilinyoosha, Bibi," nikasema. "Magogwe. Na tumbo la Mama."

Bibi aliweka chungu chini. Akachuchumaa, akakitoa kidole mdomoni mwangu, akakifuta kwa upindo wa kaniki yake.

"Mgogwe wa jirani nao umeungua," alisema, "na yule hana hata mjukuu wa kumnyooshea kidole. Ni baridi."

"Na kidole je?"

Akafikiri kidogo. "Kidole hufika kwenye tunda. Kwa mtu hakifiki."

Tulikuwa bado tumechuchumaa pale mtoto alipolia, kilio kikali, cha mtu aliyekasirishwa. Bibi akacheka, machozi yakimtoka. "Umemsikia? Huyo hakuanguka. Ameshuka mwenyewe."

Mvua zilipoanza, mgogwe ulichipua shinani.

Baadaye, chuoni, nilifundishwa jinsi baridi inavyoua jani. Sikuona haja ya kubishana na Bibi. Ninachokumbuka ni kwamba mwanawe mwenyewe alikuwa ndani katika uchungu, maji yakingojewa, naye akachuchumaa kwanza kwa ajili yangu. Nadhani sheria ile ya pili aliitunga palepale.

Nimezishika zote mbili. Nikionyesha gogwe bichi, kidole hujikunja chenyewe. Nikimwonyesha mdogo wangu kwa wageni, hunyooka.