Mchuma chai wa Nyamache aliyejenga nguvu kwa mtungi wa maji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ungali kwenye migomba, Roselyne Bitutu anasimama nyuma ya jikoni kwake, mtungi wa lita ishirini ukiwa miguuni pake. Anavuta pumzi, anakunja magoti, ananyanyua. Anaushusha taratibu. Anarudia mara nane.

Kisha anajifunga aproni ya plastiki, anachukua kikapu na kuteremka shambani kuchuma chai.

“Hii ndiyo kazi yangu kabla ya kazi,” anasema mama huyu wa miaka 51, mkazi wa Nyamache, Kaunti ya Kisii.

Miaka miwili iliyopita, msimu wa mvua, Bitutu aliteleza kwenye mteremko akiwa na kikapu kilichojaa. Hakuvunjika mfupa, lakini mgongo ukagoma. Alilala miezi mitatu akidhani mapumziko yangemponya. Aliporudi shambani, kilo 35 alizozoea kuchuma kwa siku zilikuwa zimeshuka hadi 12. Mwenye shamba akampa mtu mwingine nafasi yake.

Nyumbani kulikuwa na jambo zito zaidi. Mama mkwe wake, Mokeira, amepooza upande mmoja na huinuliwa kutoka kitandani. Alasiri moja alimponyoka Bitutu.

“Tulianguka wote sakafuni. Tulikaa pale hadi mume wangu aliporudi. Mama alikuwa akinipapasa kichwa, ananiambia, ‘Usilie, mwanangu.’ Hapo ndipo nilipolia kabisa.”

Mpwa wake, Lewis, alimwonyesha video ya mazoezi kwenye simu. “Nilimfuata kijana mwenye kifua kama mlango,” anasema, akicheka. “Kuruka, kulala chini, kila siku saa nzima. Siku ya tatu sikuamka.” Alikaa kitandani wiki nzima.

Ndipo alipokwenda mjini Kisii kumwona Pam Owiti, mtaalamu wa tiba ya viungo. Pam alimpima, akamsikiliza, kisha akamwandikia mazoezi manne tu: kuketi na kusimama kutoka kwenye kigoda, kusukuma ukuta, kuinua mtungi wenye lita tano za maji, na kutembea nao kuvuka ua. Jumapili, Jumanne na Alhamisi, maana Jumamosi ni Sabato.

“Haya tu, daktari?” Bitutu aliuliza.

“Haya tu, Mama Osoro,” Pam alimjibu, akimwita kwa jina la mwanawe. “Ule mpango wa simu ni wa mtu aliyeanza kitambo. Huu ni wa anayeanza leo. Na mwezi wa kwanza hutaona kitu.”

Kweli hakuona kitu. Majirani ndio walioona. “Walisema ninachota maji yasiyofika nyumbani,” anakumbuka.

Wiki ya sita, malaria ilimwangusha kwa siku kumi. Alipopona alimwaga maji na kuuacha mtungi uani, kuku wakaugeuza kituo chao. Alimpigia Pam simu kumweleza kwamba ameacha mazoezi.

“Usirudi mwanzo, na usilipize siku zilizopita,” Pam alimjibu. “Punguza lita mbili, uendelee.”

Bado alisitasita. Lakini Jumanne iliyofuata aliukuta mtungi umeoshwa, umetiwa maji, umewekwa nyuma ya jikoni. Mumewe, Mokua, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshaondoka kwenda kukama.

“Ni yeye aliyeyatia maji hayo. Nikaona aibu kuyamwaga.”

Aliendelea, akiongeza lita moja kila alipoona ile ya awali imekuwa nyepesi. Mwezi wa nane wa mazoezi, mtungi ulijaa. Wiki hiyo hiyo alimwinua Mokeira peke yake, akamketisha kitini na kumtoa nje kuota jua.

“Nilifumba macho nikingoja kuanguka,” anasema Mokeira. “Nilipoyafumbua, nikaona kuku.”

Leo Bitutu huchuma kilo 33, na mwenye shamba amemrudishia nafasi yake. Siku za baridi mgongo bado humkumbusha, na siku hizo hupunguza maji.

Sasa wachumaji wenzake wanne humjia kila Jumapili, kila mmoja na mtungi wake. Wameomba uwanja wa kanisa, na Bitutu anatumaini kabla ya Desemba watakuwa kumi. Mgeni zaidi kati yao ni Abigael, mwenye magoti mabovu, aliyeanza juzi kwa lita tatu.

“Alitaka kujaribu mtungi wangu,” Bitutu anasema. “Nimemwambia auangalie wake.”