Maji ya Mfereji wa Rais

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwachunguza marais: amri wanazotoa wakiwa njiani, mawaziri wanaosikia redioni kwamba wamefutwa kazi huku kijiko kikiwa mdomoni, kashfa zinazolipuka na kupoa kabla tume haijamaliza ripoti yake. Nimevuta vumbi la mafaili mpaka wanafunzi wananijua kwa kikohozi kabla sijaingia darasani. Sijuti hata kidogo. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye hasira za karibu kama mimi, maana faili halikujibu ukiligombeza.

Nikijulikana popote, ni kwa sababu ya sura moja katika kitabu changu cha kwanza. Inahusu kisima cha kijijini kwetu, upande wa Kanyangi. Nikiwa msichana wa shule ya msingi, Rais alikuja kukizindua. Alifungua mfereji, maji yakatoka, akanawa mikono, akanywa, sisi tukaimba. Alipoondoka tuliruhusiwa kunywa, nami nikanywa. Wiki hiyo hiyo mfereji ukakauka, na haukutoa tone tena. Baada ya miaka mingi nilikuta barua katika hifadhi ya nyaraka: injini ya kuvuta maji ililipiwa lakini haikufika. Wakubwa walikuwa wameila. Nikahitimisha kwamba tangi lililolisha mfereji lilijazwa kwa lori, na wanakijiji wakadanganywa mchana kweupe. Sura inaanza hivi: "Nilikunywa maji ya Rais, na yalikuwa matamu kuliko maji yote niliyowahi kunywa." Kuna wanafunzi wanaoikariri sentensi hiyo. Nilikuwa nikijisikia raha sana nikiwasikia.

Mwaka huu mchapishaji alitaka toleo jipya, muswada umfikie ifikapo Ijumaa. Nikatoka kwangu Mbumbuni nikaenda kwa mama kupiga picha ya lile tangi. Nilimkuta barazani anachagua ndengu kwenye uteo. Mama amezeeka, lakini hakuna kijiwe kinachompita.

"Hiyo kitabu yako inasema nini juu ya tangi yetu?" akaniuliza.

Niliona aibu. Sura ile imesomwa katika vyuo nisivyovijua, na sikuwahi kumsomea mwanamke ambaye mlango wake unatazamana na tangi lenyewe. Nikaketi nikamsomea, nikimfasiria kwa Kikamba. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na kazi. Nilipofika kwenye lori, vidole vikasimama.

"Lori gani?"

"Ile ilileta maji, mwaitu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kikamba chetu.

"Hakuna lori ilikuja hapa. Ni sisi tulijaza."

Kisha akanisimulia. Siku mbili kabla ya ziara, karani wa maji alikuja kwenye mwethya wao, kile kikundi cha wanawake waliosaidiana kulima na kuchimba matuta kwa zamu. Alikaa chini akalia kama mtoto. Injini haikuwepo, na Rais alikuwa anakuja. Wanawake hawakumwonea huruma sana, kwani walishajua kwamba injini imeliwa. Lakini lilikuwepo jambo ambalo hawangeweza kulivumilia.

"Mgeni anakuja kwako, unamwonyesha mfereji kavu?" mama alisema. "Hata kama humpendi?"

Basi walichukua punda na mitungi wakashuka mtoni, wakafukua mchanga mpaka maji yakaonekana, wakaanza kuyapandisha kilimani mpaka kwenye tangi. Asiyekuwa na punda alibeba mtungi mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Mama hakuwa na punda.

"Sasa umeandika ati tulidanganywa. Nani alitudanganya? Ni sisi tulimdanganya yeye!"

Akacheka mpaka ndengu zikamwagika. Rais alikuwa amekisifu kisima kile, akasema maji yanayotoka chini sana ndiyo safi, na wanawake wakampigia vigelegele ili wasionekane wanavyocheka.

Mimi sikucheka. Nilikasirika, na nilikasirika vibaya. Nilimuuliza mbona hakuniambia miaka yote hiyo.

"Uliniuliza?"

Nikaanza kumweleza kwa sauti yangu ya darasani. Nikasema kwamba nikiandika hivyo, walioila injini watasema wanakijiji walishirikiana nao, na sura yangu yote itabomoka. Aliniacha nimalize.

"Injini walikula," akasema. "Hiyo wacha vile iko. Lakini usiandike sisi ni wajinga."

Nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa juu ya watu waliodanganywa bila kumuuliza hata mmoja wao. Mwanafunzi akiniletea kazi kama hiyo ningemrudishia siku hiyo hiyo, na maneno makali juu yake. Nikapiga magoti nikaanza kuokota ndengu.

"Hebu soma tena ile ya kwanza kabisa," mama akasema.

Nikasoma, bado nimepiga magoti: nilikunywa maji ya Rais, na yalikuwa matamu kuliko maji yote niliyowahi kunywa.

"Ulikunywa maji yangu," mama akasema. "Nilibeba mara nne, na mgongo ilikuwa inauma. Wewe ukakunywa, ukaenda ukaandika ni ya Rais."

Hapo nililia kidogo, na sioni aibu kusema hivyo. Kisha nikaleta kompyuta tukaanza sura upya hapo barazani, yeye akisema, mimi nikiandika. Hakukubali nimwache nje yule karani, wala punda. Barua za injini nikaziacha mahali pake. Muda si muda nikajikuta ninacheka naye, hasa pale pa vigelegele.

Muswada ulifika Ijumaa. Mhariri akanipigia akilalamika kwamba nimeiharibu sentensi yangu bora kuliko zote. Nikamwambia aiache kama nilivyoiandika upya. Sasa sura inaanza hivi: "Nilikunywa maji ambayo mama yangu aliyabeba mgongoni kutoka mtoni, mara nne, ili mgeni asikute mfereji mkavu."

Kitabu kilipotoka nilimpelekea mama nakala, nikamsomea mwanzo huo. Alinisimamisha katikati, akataka nimwonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa mara nne.