Mafuta ya Bibi Harusi Kwenye Betri

Gari langu limenizimikia mahali pengi, na kila mara nimetukana kidogo, nikacheka, nikatafuta watu wa kusukuma. Mara moja tu nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ilikuwa kwa wakwe zetu, nje kidogo ya Kakuma, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, na wakwe wenyewe walikuwa wamesimama wanatutazama tukiondoka.

Tulitoka Lodwar asubuhi kwa ajili ya posa ya mdogo wangu wa kiume. Mimi ndiye dada mkubwa kwetu baada ya wazazi kufariki, mimi ndiye mwenye gari, na mdomo pia ninao. Nyuma walikaa wajomba zetu wawili, na mdogo wangu alikaa mbele akiwa amevaa shati jeupe ambalo lilikuwa limeshaingia vumbi kabla hatujaacha lami. Mambo ya mifugo wanaume walikuwa wameyamaliza zamani. Kilichobaki kilikuwa kula mbuzi, kubarikiwa, na kusikia neno la mama wa binti, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa hajakubali.

Sababu yake ilikuwa na akili. Mdogo wangu ananunua samaki Todonyang, ziwani, huko juu kabisa karibu na mpaka, na akishapanda huko anaweza kupotea majuma. Binti angebaki Lodwar mjini peke yake, mbali na kwao. Mama hakuwa na ugomvi na sisi. Alikuwa na hofu, basi.

Alingoja tushibe ndipo akauliza. Wajomba walimtazama mdogo wangu, naye akatazama viatu vyake. Mama akanigeukia mimi, akaacha Kiturkana na kutumia Kiswahili chake cha sokoni, nadhani ili asinipe nafasi ya kujificha nyuma ya wajomba.

"Akigonjeka na bwana yake iko ziwa, nani ataleta yeye kwangu?"

Nikasimama. Ningeweza kujibu nikiwa nimekaa, lakini nilisimama. Nikasema ni mimi nitakayemleta, na kwa gari lile pale. Nikamwambia barabara sasa ni lami tupu, kwamba akipata simu asubuhi, jua la mchana litamkuta binti yupo hapa kifuani pake. Nikalisogelea gari na kulipiga makofi juu ya paa, kama wauza mbuzi wanavyopiga mnyama mgongoni ili mteja aone alivyo na nguvu. Vijana wa boma walikuwa wameingiza simu zao humo kupata chaji, redio inaimba nyimbo za kanisa, na mimi nilikuwa nimewaachia makusudi, ili waone.

Mama alilitazama gari kwa muda. Halafu akasema sawa. Mjomba mkubwa alipumua kwa nguvu hadi nikamsikia.

Sasa niseme nilichokuwa nakijua wakati ule nikipiga paa makofi. Nilijua kwamba chini ya boneti, kwenye vile vichwa viwili vya betri ambapo nyaya zinashika, kulikuwa kumeota unga mweupe wenye rangi ya kijani pembeni. Ulianza kama chumvi kidogo. Fundi wangu wa Lodwar alishanionyesha dawa yake, wala si kazi ya fundi: unalegeza nyaya, unamwaga maji ya moto, unasugua mpaka chuma kionekane, unakaza, unapaka grisi. Ni kazi ya kufanywa wakati chai inapoa. Lakini kila nilipofungua boneti kuangalia maji, niliuona ule unga, nikajitia hamnazo, nikafunga. Asubuhi ile gari lilikohoa mara mbili kabla ya kuwaka. Sikumwambia mtu. Ujuzi nilikuwa nao wote, na bado nilisimama mbele ya mama wa watu nikamuahidi uhai wa mtoto wake.

Jua liliposhuka kidogo tukaaga. Kwetu kuaga si jambo la kupungia mkono. Baba wa binti alichukua majani mabichi yaliyotoka tumboni mwa yule mbuzi, akatupaka vifuani mmoja mmoja, anaomba, na watu wanaitikia kwa pamoja. Njia iwe nzuri, wanaitikia. Mvua ije, wanaitikia. Alipomaliza na sisi akaliendea gari, akalipaka boneti yote kwa kiganja, taratibu, akaliombea nalo. Wanawake wakaanza kuimba wimbo wa kutusindikiza. Mtu akishasindikizwa hivyo anakwenda. Hakuna kurudi kukaa.

Nikawasha. Gari likasema tik.

Nikajaribu tena. Tik. Redio ilikuwa imenyamaza. Wimbo wa wanawake uliendelea kidogo, kisha ukapungua sauti moja baada ya nyingine, mpaka nikabaki nasikia ufunguo wangu tu. Mzee mmoja nyuma alisema kitu kwa sauti ya chini kuhusu baraka zilizokataliwa, na mwenzake akamnyamazisha. Mimi nilikaza macho kwenye usukani. Uso ulikuwa unawaka moto na sikujua niuweke wapi.

Mjomba akasema tusukume. Nilitaka wasukume vijana peke yao, lakini baba wa binti alishampa mtoto kigoda chake na kuweka mikono nyuma ya gari, yeye na shuka lake jekundu, mkwe wetu, mtu ambaye sikupaswa hata kupita mbele yake ovyo. Nilimwomba aache. Akaniambia nishike usukani. Wakasukuma. Magurudumu yakachimba mchanga, na kadiri walivyosukuma ndivyo tulivyozama. Kwenye kioo nilimwona mzee ameteleza na kupiga goti moja chini. Alinyanyuka, akajikung'uta, akarudisha mikono. Hapo ndipo nilipofungua mlango na kutoka, maana nilijua kusukuma hakutasaidia, na nilijua hivyo tangu mwanzo.

Nikafungua boneti. Yale majani ya mbuzi yalikuwa bado mabichi na yakanishika vidoleni. Nje kumepakwa baraka, na ndani, mahali pa kila mtu kuona, ule unga umefura juu ya betri kama mkate ulioharibika. Mama alikuwa amekuja akasimama ubavuni mwangu. Alitazama. Hakuuliza ni nini. Aliuliza kama umeanza leo.

Ningeweza kumdanganya. Nilisema hapana, mama, haujaanza leo.

Halafu nikamwomba maji ya moto. Nyumbani pale maji yanatoka kwenye shimo lililochimbwa ndani ya laga, wasichana wanayabeba kichwani, na mimi niliyekuwa nimeshabarikiwa na kuagwa nilikuwa naomba yachemshwe niyamwage kwenye chuma. Akaleta sufuria ya chai ya jioni, kabla hajatia majani. Nikalegeza nyaya kwa spana ya mjomba, nikamwaga kidogo kidogo, unga ukatoa povu na kuteremka hadi kwenye mchanga. Sikuwa na brashi. Binti mwenyewe, ambaye siku nzima hakuwa amefungua mdomo kama inavyompasa, akautoa mswaki wake wa mti na kunipa bila kunitazama. Nikasugua hadi chuma kikang'aa.

"Sasa inataka nini?" mama akauliza.

Nikasema grisi, lakini hata bila hiyo tutafika. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Nikasikia binti anavuta pumzi. Yalikuwa mafuta ya kondoo, meupe, safi, ambayo mama alikuwa ameyayeyusha na kuyatunza ili ampake binti yake siku ya kumtoa. Nilisema hapana. Akachota kwa vidole na kuvipaka vile vichwa vya betri yeye mwenyewe, kimoja, kisha kingine, vizuri, pande zote, kama angempaka mtu.

Gari likawaka mara moja. Hakuna aliyeimba.

Nikiwa nimeshakaa, akainama dirishani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mtoto yangu akigonjeka, wewe usitume gari. Piga simu tu. Mimi nitakuja na miguu."

Hakuivunja sawa yake. Binti alikuja Lodwar, na ameishi nasi vizuri. Lakini njia nzima siku ile, dirisha wazi, injini ilinuka mafuta ya kondoo yaliyopata joto, na mdogo wangu aliugeuza uso wake upande wa jangwa.

Tangu hapo betri yangu unaweza kuilia chakula. Kila Jumamosi nachemsha maji, iwe lazima isiwe lazima. Majirani wananitania kwamba nina mtoto mchanga ndani ya boneti. Mwaka huu, tumbo la binti lilipokaribia siku zake, nilijaza tangi, nikaosha hata mikeka, na nilipopiga simu Kakuma kusema uchungu umeanza nilimwambia mama asisumbuke, nipo njiani kumchukua. Nilikuwa nimeshashika ufunguo. Akasema asante na simu ikakatika.

Nilipofika Kakuma sikumkuta. Boma zima liliniambia ameshatoka. Niligeuza gari, nikarudi Lodwar kwa mwendo ambao sipendi kuusema, na nilipofika hospitali nilimkuta amekaa kwenye benchi, mjukuu mapajani, nguo zake zimejaa manyoya, kwa sababu alisimamisha lori la mbuzi barabarani na kupanda nyuma na wanyama.

Alifurahi kuniona, kwa kweli alifurahi. Aliniambia ejok, salamu ya kwetu, akanisogezea nafasi nikae, akanionyesha vidole vya mtoto. Kisha akanishika mkono na kuniuliza kwa upole, kama mtu anavyomjulia hali mgonjwa wa mwenzake:

"Na ile gari yako, mama, imepona?"