Kipima Gesi Kilichovikwa Plastiki

Athanase alikuwa na sheria moja: kitu kilichonunuliwa kwa jasho hufunikwa. Vumbi jekundu la Bunia halina huruma, na katika duka lake la ushonaji mtaani Ngezi rimoti ilikaa ndani ya plastiki, viti vya wageni vilivikwa plastiki, hata kalenda ya parokia haikuachwa uchi. Watu walimsifu. Alikuwa mtu wa Butembo, mchapakazi, asiyekosa misa, na asiyekosolewa.

Jenereta yake ilifanya kazi ndani, katika ujia mwembamba kati ya duka na chumba cha nyuma, kwa kuwa jenereta ya nje ni zawadi kwa wezi. Emery, fundi wa umeme, alipoliona jambo hilo alimletea kipima gesi, kidude cheupe cha ukubwa wa kiganja chenye kioo kidogo cha namba, akakifunga ukutani katika chumba cha nyuma, alikoshona Gentille, binti wa Athanase.

"Muzee, sikia muzuri," Emery alisema. "Moshi ya grupu, hii jenereta yako, iko na sumu yenye haina harufu. Kila juma, bonyeza hii buton. Kila mwezi, leta makala ya moto mu kopo, weka chini yake. Buton inauliza kama mashine iko na sauti. Makala inauliza kama iko na pua."

Siku nne za kwanza kipima gesi kililia kila jenereta ilipowashwa. Wateja walishtuka, Athanase akaona haya. Hakujiuliza kinalilia nini. Alijiuliza kina ugonjwa gani. Akabadilisha betri, kikalia. Akakishusha, akaona vumbi kwenye vitundu vyake, akakifuta, akakitia ndani ya plastiki na kuizungushia utepe wa skochi pande zote, kisha akakirudisha ukutani. Kikanyamaza. Akapita mtaani akijisifu kwamba ameponya mashine bila fundi.

Tangu hapo, kila Jumamosi alikibonyeza juu ya plastiki. Pii, pii, pii. Akaridhika. Makaa hakuleta hata siku moja, maana yangechafua ukuta. Ndivyo alivyo mtu anayependa kitu kuliko kazi ya kitu.

Gentille akaanza kuumwa kichwa. Ijumaa moja, kanzu za waimbaji wa korali zikisubiriwa kwa misa ya Jumapili, mvua ilishuka na upepo, Athanase akafunga mlango wa nje na dirisha la chumba cha nyuma. Binti akaja mbele, ameshika ukuta.

"Papa, kichwa iko inaniuma, macho iko inazunguka. Tufungue mulango kidogo."

"Mvua iingie juu ya kanzu za korali?"

"Basi uzime grupu, nipumuzike."

Athanase aliwageukia wateja wawili waliojikinga mvua dukani. "Musikie huyu! Siku ya kazi mingi, njo siku ya ugonjwa. Ku ndoa ya Bijou ulicheza mupaka viatu vikakatika, kichwa haikuuma?" Akamvuta hadi kwenye kipima gesi. "Tazama. Zero. Weye njo unajua kupita mashine?"

"Mashine haina kichwa ya kuuma, papa."

"Na haina mudomo murefu kama yako. Shona!"

Wateja wakacheka. Gentille alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakulelewa kumjibu baba mara ya pili. Akarudi kuketi.

Saa nzima Athanase, amekaa penye mlango wazi wa mbele, alisikia cherehani ya umeme ikinguruma bila kukatika.

"Munasikia?" aliwaambia wateja. "Dawa ya uvivu ni kusemwa."

Alipoingia kuchukua kanzu, alimkuta Gentille ameulaza uso juu ya kitambaa, mguu ungali mzito juu ya kanyagio. Sindano ilikuwa ikishona mahali pamoja, imekwisha kukichana kitambaa.

"Gentille! Mama, amuka!"

Wateja walimtoa nje kwenye mvua. Hakuwa akipumua. Emery, aliyeitwa na majirani, alikuja mbio, akazima jenereta na kuirarua ile plastiki. Papo hapo kipima gesi kikalia kwa sauti kali, bila kukoma.

"Mashine haikukufa?" Athanase aliuliza.

"Iko muzima toka siku ya kwanza, muzee. Ni weye uliiziba pua."

Gentille alizikwa Jumapili. Athanase hakuwa na mtoto mwingine.