Mtani Aliyebeba Cherehani

Yule mama alianza kupita kwenye fremu yangu ya ushonaji, Chang'ombe, akitembeza vitenge. Simjui, hanijui. Siku moja akanisikia naongea Kigogo na mteja, akasimama mlangoni. "Kumbe ni mtani wangu. Mimi Mhehe. Nyie Wagogo siku hizi mnashona? Mmechoka kuomba?" Nikamjibu afadhali kuomba kuliko kummezea mate mbwa wa jirani kama nyie Wahehe. Basi, tukacheka, nikamvutia kiti. Mgeni mwingine ungemuuliza katokea wapi, anakaa kwa nani. Mtani humuulizi kitu, ukishacheka naye yameisha.

Na mtani akichukua chako hununi. Huyu mama aliujua utani vizuri. Leo anatoka na kandambili zangu, kesho na chapati yangu ya chai, anapaza sauti barabarani, "Namwibia Mgogo, mtanifanya nini?" Jirani yangu muuza mkaa anacheka mpaka anashika mbavu. Baadaye anarudi, tunakunywa chai. Nilimpenda, sitaki kudanganya. Nilimsimulia hata cherehani yangu ilivyopatikana: mama yangu alivuna mpunga kule Bahi mwaka ule mvua zilikuwa nzuri, akauza karibu wote, akaninunulia nianze maisha. Alinisikiliza huku mkono wake uko juu ya cherehani. Akasema mama yako ana moyo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilikwenda sokoni kununua vifungo vya sare, nikamwachia yeye fremu. Niliporudi, mahali pa cherehani palikuwa patupu. Muuza mkaa akaanza kucheka kabla sijauliza.

"Mtani wako leo kapania," akaniambia. "Kaipakia kwenye bajaji. Tena mimi ndiye niliyemshikia upande mmoja."

Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilicheka, nikakaa, nikaanza kumwandalia jibu la kumrushia akirudi. Mzazi mmoja akaja kuulizia sare ya mwanawe, nikamwambia mtani kanichezea, pita jioni. Jioni akapita. Muuza mkaa alikuwa ameshaacha kucheka. Simu ya yule mama haikupatikana, na wauza vitenge wote niliowauliza hakuna aliyemjua. Sijui hata kama ni Mhehe kweli.

Ningevunjiwa mlango na kibaka, ningelia nikamaliza. Huyu kaniibia mchana kweupe, majirani wanamsaidia kubeba, na mimi mwenyewe nimemkaribisha kama wazee wetu walivyokaribishana. Mama yangu bado sijamwambia. Kila akipiga simu anauliza cherehani inaendeleaje, nami namwambia inaendelea vizuri.

Sasa nashonea ya kukodi, nimeifunga mnyororo kwenye nondo ya dirisha. Watu bado nawakaribisha, ila wanakaa nje, kwenye benchi. Majuzi alikuja dada mmoja kuchukua gauni lake. Akaisikia lafudhi yangu, akatabasamu. "Kumbe Mgogo wewe. Basi mkasi huu leo nauiba," akaunyanyua mezani. Nikamdaka mkono kabla sijafikiri, nikamkamata hasa, mpaka muuza mkaa akasimama.

Yule dada akaurudisha mkasi taratibu.

"Samahani," akasema. "Nilidhani sisi ni watani."

Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo, ni watani. Nikamkunjia gauni lake, akalipokea kwa mikono miwili, akaondoka. Hajarudi tena.