Kidevu Chekundu Kizuizini

Vijana wenzangu walitamani lori, ngamia au mke. Mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilitamani uzee. Si hekima yake, hapana. Nilitaka kupita kizuizini bila kuulizwa.

Miaka ile ya vita vya shifta, waasi wa msituni, Garissa ilikuwa mji wa kuulizwa. Unatoka wapi? Ndugu zako wako msituni? Kuna vijana waliopandishwa lori baada ya kujibu, na waliopandishwa kabla. Lakini wazee wenye ndevu nyekundu za hina walipita wakivuta tasbihi, askari akawateremshia kamba ya kizuizi. Nami niliyependa mkeka wangu kuliko dunia hata kabla ya vita, nilikaa ndani nikipiga hesabu: miaka arobaini hivi imebaki. Nilikuwa tayari kungoja.

"Wewe umeshazeeka," bibi yangu alinicheka. Nilimwita ayeyo, kwa Kisomali chetu. "Bado kung'oka meno tu."

Nyumbani tulikuwa wawili. Yeye alipita kizuizini kila asubuhi na chombo cha maziwa, akimpelekea dada yake mgonjwa, na kabla ya adhuhuri amerudi. Siku moja adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia. Jua likizama kizuizi kilifungwa, na aliyekutwa nje baada ya hapo hakuulizwa tena lolote.

Ningependa kuandika kwamba nilitoka mbio. Nilikwenda kutafuta hina yake. Nikazipaka ndevu zangu, chache kiasi kwamba tulijuana moja moja, kisha nikakaa saa nzima nikingoja ikolee, ayeyo yuko nje na mimi najipodoa. Nikanawa, nikafunga kilemba, nikashika bakora, nikatoka nimepinda mgongo.

"Shikamoo, mzee," askari alisema, na moyo wangu ukaruka. Kisha akasogea. "Mbona kidevu ndicho chekundu, na ndevu ni nyeusi?"

Jambo hilo hata watoto wa mji wetu walilijua: hina hushika mvi. Nywele nyeusi haizisumbui. Kwangu ilikuwa imeshika ngozi.

"Njoo umwone mzee aliyezaliwa juzi!" alimwita mwenzake. Wakacheka. Halafu mmoja akaacha kucheka. "Kwa nini umejificha? Vua kilemba. Unamkimbia nani?"

Shuleni Kiswahili changu kilisifiwa. Pale sikulipata hata neno "mimi". Nililitazama lori lililoegeshwa kando.

"Hiyo mtoto yangu!" Ayeyo alikuwa anakuja kutoka upande wa pili, chombo mkononi. "Usibige yeye! Kichwa yake nabotea, lakini mkono yake safi, wallahi!"

"Mama, huyu ni mtoto wako au mzee wako?"

"Ni mjinga yangu."

Yule aliyeacha kucheka alinipima tena, muda mrefu. Akateremsha kamba. "Bita na mjinga yako," alisema, akimwiga.

Ayeyo alinitukana mpaka kwenye kona. Tulipoipita akanishika mkono, akaubana.

"Ulikuwa wapi?" nilimuuliza kwa Kisomali.

"Nyuma ya ukuta wa duka, tangu kabla ya adhuhuri. Walibadilisha askari. Hawa siwajui. Miguu ilikataa."

"Lakini wewe ni mzee, ayeyo. Wazee hawaulizwi."

"Siulizwi. Nani amekwambia siogopi? Kila asubuhi natoka nimebana mkojo." Akanitazama kidevu. "Nilipoona hicho ndipo nikasahau miguu."

Kesho yake alichukua chombo chake kama kawaida. Nilisimama mlangoni nikiutazama mkeka wangu, nikauaga, nikamfuata. Hina ya ngozini ilichukua muda kufifia, na siku zote hizo askari waliniita mzee, naye ayeyo akawaambia wanisalimie vizuri. Nikiwa naye kamba iliteremka. Na kila iliposhuka nilihisi vidole vyake vikinibana mkono, au vyangu vikimbana yeye. Hatukuulizana.

Sasa ndevu zangu zinashika hina vizuri mno, nyekundu kama tofali, na askari vijana hunipa heshima wanaposimamisha gari letu njiani. "Pita, mzee," husema kabla sijafungua mdomo. Wakati huo mkono wangu umeshafika mfukoni, unatafuta kitambulisho.